Je, wajua kwa nini baadhi ya makanisa ya Chicago yana nyota ya Daudi?

Katika mtaa wa North Lawndale, magharibi mwa Chicago, kuna kanisa la Kibaptisti liitwalo Stone Temple ambalo madirisha yake yana nyota ya Daudi, alama ya Wayahudi yenye ncha sita. Lilijengwa mwaka 1926 kama sinagogi la Wayahudi waliotoka Romania. Mwaka 1954 likanunuliwa na Wakristo Weusi, na mwaka 1966 Martin Luther King alihubiri humo alipokuja kupigania haki ya makazi.

Kwa nini Wayahudi waliliacha? Wayahudi washika Sabato hawapandi gari siku hiyo, hivyo sinagogi sharti liwe mwendo wa miguu kutoka nyumbani. Familia zilipohamia mitaa mipya, jengo likabaki bila watu. Wakati huohuo, Weusi waliokuwa wakikimbia ubaguzi wa majimbo ya kusini walimiminika mjini, na mitaa mingi ilikuwa imefungwa kwao. Lawndale ilifunguka. Hati za Torati zikahamishwa, na Wakristo walionunua jengo wakapata ukumbi mpana, wenye roshani, uliokwisha kujengwa kwa ajili ya ibada.

Lakini si kila sinagogi liliuzwa kwa hiari, na ukipiga picha jengo la namna hiyo bila kuliandika hilo chini ya picha, unawadhulumu waliofukuzwa. Sinagogi la Poznań, Poland, lililofunguliwa mwaka 1907, lilinyang'anywa na Wanazi mwaka 1940 na kugeuzwa bwawa la kuogelea. Watu waliogelea humo hadi mwaka 2011. Kule Brick Lane, London, mambo yalikwenda kwa amani: jengo la mwaka 1743 lilianza kama kanisa la Waprotestanti Wafaransa waliokimbia mateso, likawa sinagogi mwaka 1898, na tangu mwaka 1976 ni msikiti.

Ukitaka kupiga picha majengo ya aina hii, anza na miimo ya milango. Upande wa kulia unapoingia, juu kidogo ya kimo cha bega, tafuta alama ya kijikasha kilichobandikwa kimshazari, pengine matundu mawili ya misumari yaliyopakwa rangi mara nyingi. Hapo palikuwa na mezuza, yenye maneno ya Torati. Jua la asubuhi likipiga kwa ubavu, tundu linaonekana. Taa ya kamera ikimulika usoni, linapotea.

Halafu tazama jiwe la msingi. Herufi za Kiebrania hutumika pia kama tarakimu, na katika kuandika mwaka wa Kiyahudi mara nyingi elfu tano huachwa. Ukisoma 686, jumlisha 1240: utapata 1926, au miezi ya mwisho ya mwaka uliotangulia, kwa kuwa mwaka wa Kiyahudi huanza Septemba au Oktoba.

Ndani, mwombe mchungaji ruhusa, umwulize kabati la Torati lilikuwa wapi. Katika baadhi ya makanisa, hapo ndipo penye kisima cha ubatizo leo. Wapige picha pia wanaobatizwa, wakikubali, kwa sababu jengo hili ni lao pia.