Kwa nini mgonjwa mmoja huweza kuthibitisha jambo lililowashinda maelfu?

Simulia mbele ya wasomi kwamba kuna mtu alimeza dawa fulani na ini lake likaharibika, nawe utajibiwa upesi: "Hicho ni kisa cha mtu mmoja, hakithibitishi kitu." Jibu hilo limezoeleka hata likachukuliwa kuwa kanuni ya sayansi. Mafunzo ya udaktari nayo huchora ngazi ya ushahidi ambayo kileleni zimo tafiti zinazojumlisha majaribio mengi, na chini kabisa ipo ripoti ya mgonjwa mmoja. Ni kweli kwamba ripoti nyingi za namna hiyo hazithibitishi kitu. Lakini udhaifu wake hautokani na uchache wa wagonjwa, na hapo ndipo wengi wanapokosea.

Chukua mtu mwenye maumivu ya mgongo. Hatafuti dawa siku maumivu yakiwa madogo. Anaitafuta siku yamemzidi. Na maumivu ya kupanda na kushuka, yakishafika kilele, kwa kawaida yanachofanya baada ya hapo ni kushuka. Akinywa chochote siku hiyo, kuna uwezekano mkubwa kwamba baada ya siku chache atapata nafuu, na sifa zote zitakwenda kwa kile alichokunywa. Sasa mkusanye pamoja na watu 200 wenye simulizi hiyohiyo. Ushahidi haujaongezeka, kwa sababu kila mmoja amekuja na pengo lilelile: hakuna ajuaye hali yake ingekuwaje bila dawa.

Kwa hiyo anayesema "ni mmoja tu" na anayesema "mbona wamepona wengi" wanafanya kosa moja. Wote wanahesabu vichwa. Kinachoupa ushahidi uzito ni maelezo mangapi mengine yamebaki wazi baada ya tukio kuchunguzwa. Wagonjwa wengi ni njia mojawapo ya kuyaondoa maelezo hayo, tena njia nzuri sana, hasa wakigawanywa kwenye makundi kwa bahati nasibu. Ila si njia pekee, na kuna wakati haifui dafu.

Halothane ni dawa ya nusukaputi inayovutwa kama hewa. Ilianza kutumika hospitalini mwaka 1956 na ikapendwa haraka, kwani haikulipuka kama etha, dawa ya nusukaputi ya zamani, na mgonjwa aliivuta bila kusumbuka. Baadaye zikaanza kuja taarifa za wagonjwa waliopasuliwa salama, kisha siku kadhaa mbele macho yakawa ya manjano, na baadhi wakafariki, sehemu kubwa ya ini ikiwa imekufa. Je, ilikuwa halothane? Mtu aliyetoka chumba cha upasuaji ana sababu tele za ini kuumia. Damu aliyoongezewa inaweza kuwa na virusi, presha yake inaweza kuwa ilishuka mno, au ana maambukizi, au amepewa dawa nyingine, au ni ugonjwa uleule uliomleta.

Ili kumaliza ubishi, Marekani ilifanya utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 1966. Ulipitia zaidi ya nusukaputi 850,000 katika hospitali 34. Ulionyesha kwamba kwa ujumla halothane ilikuwa salama ukiilinganisha na dawa nyingine za aina yake, na kwamba ini kufa kwa kiwango hicho baada ya upasuaji ni jambo nadra mno. Lakini unadra huohuo ndio uliokwamisha jibu: waliopatwa walikuwa wachache, na karibu kila mmoja alikuwa na sababu nyingine za kuumwa. Wagonjwa laki nane na zaidi, na swali likabaki palepale.

Mwaka 1969 madaktari wawili wa Marekani, Gerald Klatskin na Daniel Kimberg, wakaeleza habari za mtu mmoja. Hakuwa mgonjwa wa upasuaji. Alikuwa daktari wa nusukaputi, ambaye kazi yake ilimfanya avute mabaki ya gesi hiyo chumbani. Alipata homa ya ini. Alipokaa mbali na halothane alipata nafuu; alipoirudia, ugonjwa nao ulirudi. Hatimaye akavutishwa kwa makusudi kiasi kidogo, pungufu ya kile cha kumlaza mtu, na ndani ya saa chache homa na kutetemeka kwa baridi vikarudi, na vipimo vya ini vikaharibika tena.

Tazama ni maelezo mangapi yalianguka kwa mpigo. Hakupasuliwa, kwa hiyo si upasuaji. Hakuongezewa damu, kwa hiyo si damu. Na virusi vya homa ya ini havifuati ratiba ya zamu, vikalala mtu akiwa likizo na kuamka akirudi kazini.

Fikiria mbwa wa jirani anayebweka usiku. Ukisikia amebweka mara moja baada ya geti kufunguliwa, hujajua lolote, labda alimwona paka. Lakini geti likifunguliwa anabweka, likifungwa ananyamaza, likifunguliwa tena saa tisa za usiku anabweka tena, huhitaji kukusanya mbwa wa mji mzima ili ujue kinachomsumbua huyu. Wingi unaohitajika upo, ila ni wingi wa mara, hauhitaji kuwa wingi wa mbwa. Na mbwa huyo ana faida ambayo kundi kubwa halina: umri, mwili na tabia yake havibadiliki kati ya geti wazi na geti lililofungwa, kwa hiyo analinganishwa na yeye mwenyewe. Kundi la wagonjwa 1,000 linalolinganishwa na jingine la 1,000 hulazimika kupigania usawa huo, na hata likifaulu, linatoa wastani. Mtu mmoja mwenye mwili wa namna ya pekee humezwa na wastani.

Kuhusu ugonjwa wa yule daktari wa nusukaputi, wataalamu waliofuata walipata namna jambo lenyewe linavyotokea. Mwili huvunjavunja sehemu ya halothane, vipande vyake hujibandika kwenye protini za ini, na kwa watu wachache kinga ya mwili huvichukulia kama vitu vya kigeni na kuvishambulia. Ndiyo maana kuvuta mara ya pili huwa hatari kuliko ya kwanza: kinga imeshajifunza.

Hata hivyo njia hii ina masharti. Inahitaji dalili inayoweza kuondoka na kurudi, maana mtu aliyekufa au kupofuka hawezi kujaribiwa mara ya pili. Inahitaji pia kitu cha kupima ambacho hakitii matarajio. Mtu anaweza kujisikia vibaya kwa kuogopa dawa tu, lakini vimeng'enya vya ini havipandi kwenye damu kwa sababu ya woga. Tena, kisa cha yule daktari kinasema tu kwamba jambo linaweza kutokea. Linatokea mara ngapi, hilo lilibaki kuwa kazi ya utafiti wa 850,000. Na kwa dawa hatari, siku hizi madaktari hawamrudishii mgonjwa kwa makusudi kitu kilichokaribia kumuua. Mara nyingi mrudio hutokea kwa bahati mbaya, mtu anapoandikiwa dawa ileile na kituo kingine kisichojua historia yake.

Kwa magonjwa sugu yasiyo na hatari hiyo, utaratibu umewekwa rasmi. Mwaka 1986 Gordon Guyatt na wenzake huko Kanada walichapisha jaribio la mgonjwa mmoja wa pumu, aliyepewa kwa zamu dawa ya kweli na kidonge kisicho na dawa, bila yeye wala daktari wake kujua ni zamu ya kipi. Jibu lilikuwa lake peke yake, nalo ndilo alilolihitaji.

Vipi pale ambapo kurudia hakuwezekani kabisa? Mtoto huzaliwa mara moja. Desemba 1961 jarida la The Lancet lilichapisha barua fupi mno ya William McBride, daktari wa uzazi wa Australia. Alieleza kwamba wajawazito waliotumia thalidomide, dawa ya kutuliza na ya kuzuia kichefuchefu, walikuwa wakijifungua watoto wenye kasoro nzito za viungo, akamaliza kwa kuwauliza wasomaji kama wao wameona kitu kama hicho. Mwezi mmoja kabla, daktari wa watoto Widukind Lenz alikuwa ametoa tahadhari kama hiyo Ujerumani, na dawa ikaondolewa sokoni huko. Watoto zaidi ya 10,000 duniani walikuwa wameshaathirika.

Barua ile ilikuwa sahihi kwa sababu mbili. Kasoro yenyewe, mikono inayoota karibu moja kwa moja kutoka begani, ni nadra sana kwa watoto wengine, kwa hiyo kuona wachache tu karibu karibu tayari ni jambo la kushtua. Tena wakati unalingana kwa namna isiyo ya kawaida: dawa huharibu ikimezwa takriban kati ya siku ya 20 na ya 36 tangu mimba kutungwa, na kiungo kinachoathirika hutegemea siku.

Miaka iliyofuata, dawa nyingine ya kichefuchefu cha wajawazito, Debendox, iliyoitwa Bendectin huko Marekani, ilituhumiwa kwa njia inayofanana, na McBride alikuwa miongoni mwa walioituhumu. Kesi zikafurika mahakamani, na mwaka 1983 ikaondolewa sokoni. Lakini hapa yote mawili yalikosekana. Dawa ilitumiwa na wajawazito wengi mno, na takriban watoto 3 kati ya 100 huzaliwa na kasoro ya namna fulani hata pasipo dawa yoyote. Lazima basi wapatikane maelfu ya akina mama waliomeza dawa na kuzaa mtoto mwenye kasoro, hata kama dawa haina hatia. Kasoro zenyewe zilikuwa za kila aina, bila sura moja. Tafiti kubwa hazikuona madhara, na mwaka 2013 mchanganyiko huohuo uliruhusiwa tena Marekani. Visa vya Debendox vilikuwa vingi, na havikuthibitisha kitu. Nashangaa kwamba mfano huu hautajwi mara nyingi kama ule wa thalidomide, ilhali usipowekwa pamoja nao somo lenyewe linakuwa nusu.

Uzito huo wa ushahidi umeandikwa hata kwa pointi. Mwaka 1981 kundi la watafiti wa Kanada likiongozwa na Claudio Naranjo lilichapisha maswali 10 ya kupima kama dawa ndiyo iliyomdhuru mgonjwa, ambayo huitwa kipimo cha Naranjo na yanatumika hadi leo. Kama wagonjwa wengine wamesharipotiwa kwa uhakika kupata dhara hilo, unahesabu pointi 1. Kama dhara limerudi kwa mgonjwa huyuhuyu alipopewa tena dawa, pointi 2. Kama hakuna sababu nyingine inayoweza kuleta dalili hizo, 2 pia. Ikiwepo, unapunguza 1. Ndiyo maana fomu za kuripoti madhara ya dawa hudai tarehe ya kuanza, tarehe ya kuacha, dawa nyingine zote alizokuwa akitumia mgonjwa, na kilichotokea baada ya kuacha. Ripoti isiyo na tarehe hizo haiwezi kujibu maswali yenye pointi nyingi, hata ikiungwa mkono na nyingine 500 zilizoachwa wazi mahali palepale.