Meli iliyopita Dodoma kwa treni

Nimepiga ribiti na kuziba boila za relwe miaka mingi, na sasa nimestaafu hapa Dodoma, zaidi ya kilomita 400 kwa reli kutoka baharini. Ndiyo maana mjukuu wangu alicheka niliposema meli imewahi kupita stesheni yetu. "Babu, ilielea kwenye nini, vumbi?" Ilipita relini, mjukuu wangu, vipande vipande, ndani ya masanduku.

Meli yenyewe ni Liemba ya Ziwa Tanganyika. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, kwenye karakana ya Meyer, mwaka 1913. Kwanza waliiunga kwa bolti ili kuhakikisha kila bamba linakaa mahali pake, kisha wakaifungua yote na kuipakia kwenye masanduku yapatayo 5,000. Yakashushwa Dar es Salaam, yakapanda Reli ya Kati, ambayo ilikuwa imefika Kigoma mwanzoni mwa 1914. Hakukuwa na njia nyingine. Reli ile ina upana wa mita moja tu, na meli ina urefu wa mita sabini hivi.

Huko Kigoma meli ikaunganishwa kwa ribiti. Hapa niruhusuni nikae kidogo, maana ndiyo kazi iliyonilisha. Ribiti ni kama msumari mnene, mfupi, wenye kichwa upande mmoja. Unaitia motoni mpaka iwe nyekundu, mwenzako anaikamata kwa koleo na kuipenyeza kwenye tundu, mwingine anaegemeza chuma kizito kwenye kichwa, na wewe unaupiga mkia mpaka nao ugeuke kichwa. Ukichelewa, wekundu unapotea na nyundo inakurukia. Ikishapoa inasinyaa, na kusinyaa huko ndiko kunakoyabana mabamba mpaka maji yakose pa kupita. Nyundo inamaliza nusu ya kazi, nusu nyingine inafanywa na baridi. Siku bamba likichakaa, unakata vichwa kwa tindo, unasukuma vipande nje, unaweka bamba jingine kwenye matundu yale yale.

Februari 1915 ilishushwa majini kwa jina la Graf von Götzen, gavana aliyekuwapo wakati wa Maji Maji. Jina hilo halikudumu, na mimi silisikitikii.

Julai 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walipoona Kigoma inawaponyoka, waliizamisha wenyewe. Lakini mafundi waliotoka nayo Papenburg waliipaka mitambo grisi nzito kwanza. Ukiniuliza, walikuwa wanaiweka akiba. Wabelgiji walikuja kuiopoa na kuivuta hadi Kigoma, ikazama tena. Waingereza wakaitoa mwaka 1924, wakakuta injini na boila bado zinafaa! Watu husimulia hilo kama muujiza. Fundi haoni muujiza: chuma hakiozi bila hewa na maji kukigusa, na grisi ilikuwa imevizuia vyote viwili. Tena maji ya ziwa lile hayana chumvi ya bahari. Baharini, miaka minane ingeitafuna.

Mei 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba, jina la kale la ziwa lenyewe. Tangu hapo wenyewe wamepokezana: reli ya Tanganyika, kisha Reli na Bandari za Afrika Mashariki, kisha Shirika la Reli Tanzania baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, halafu Kampuni ya Huduma za Meli. Kila mmoja alibadilisha karatasi, kazi ikabaki ile ile: dagaa, mahindi, abiria, Kigoma hadi Mpulungu kule Zambia. Vijiji vingi njiani havikuwa na gati, kwa hiyo mitumbwi ilikuwa ikiifuata kilindini na mizigo ikipandishwa ubavuni huku watu wakipigiana kelele. Mwaka 1997 ilirudisha maelfu ya wakimbizi Kongo.

Stimu iliondolewa miaka ya 1970, ikaingia dizeli. Hapo kwangu ilipungua utamu, nakiri.

Ukijaliwa kufika Kigoma, omba ruhusa upitishe kiganja ubavuni mwake. Viraka vya zama hizi huchomelewa, kwa hiyo utaujua kwa kovu lake bamba lililowekwa juzi. Palipo na vichwa vya duara vilivyojipanga kama vifungo vya kanzu, hapo ndipo palipopita Dodoma.