"Haina kolesteroli" siyo sawa na "inapunguza kolesteroli"

Jamani naomba tuongee kidogo kuhusu hii protini ya soya. Huku Tanga siku hizi ukipita Ngamiani unakuta unga wa soya umefungwa kwenye vifuko na muuzaji anakwambia "hii haina kolesteroli, inasafisha mishipa", na watu wananunua kama dawa, na kuna mzee mtaani kwetu kaacha kabisa vidonge vyake vya kolesteroli eti kwa sababu kila asubuhi anakunywa uji wa soya. Hapo ndo nikaona siwezi kunyamaza.

Protini ya soya ni protini iliyomo kwenye soya, basi. Soya kavu gramu 100 ina protini kama gramu 36 hivi, na uwe unakula unga, maziwa ya soya au zile nyama za soya za kuloweka, ni protini ya aina ileile. Kolesteroli, wengine wanaita lehemu, ni kitu kama nta ambacho sehemu kubwa ini linatengeneza lenyewe na mwili unakihitaji, shida inakuja ile inayoitwa LDL ikizidi kwenye damu, inajijenga kwenye kuta za mishipa miaka na miaka mpaka njia inakuwa nyembamba.

Sasa panaponiuma ni hapa. Chakula kutokuwa na kolesteroli ni habari moja, chakula kupunguza kolesteroli ya kwenye damu yako ni habari nyingine kabisa. Kolesteroli ya kwenye chakula inatoka kwa wanyama: nyama, maini, mayai, siagi, kamba. Vya shambani havina ya kuhesabika. Mchicha hauna, muhogo hauna, soya haina, hata sukari haina na hakuna anayesema sukari inasafisha mishipa! Yale mafuta ya alizeti yaliyoandikwa kwenye dumu kwamba hayana kolesteroli, hata yasingeandikwa yangekuwa hayana.

Na nazi je? Nazi nayo haina. Lakini chukua tui zito la kwanza uliweke kwenye friji usiku kucha, asubuhi utakuta juu pameganda tabaka jeupe gumu unaloweza kulikata kwa kisu. Mafuta ya aina hiyo yanayoganda, ya nazi, ya mawese, ya nyama, samli, yakizidi mwilini yanalifanya ini lipunguze kuichukua LDL kutoka kwenye damu, kwa hiyo inabaki inazunguka na kipimo kinapanda. Yaani kitu hakina kolesteroli hata kidogo na bado kinakupandishia. Ndo maana nikimwona mtu kaloweka nyama ya soya, kaikamua vizuri, halafu kaiunga kwa tui la nazi mbili na kusema leo kala chakula cha moyo, nasikitika kweli.

Soya yenyewe inapunguza? Ndiyo, kidogo. Mwaka 1995 Marekani walijumlisha tafiti 38, watu walikuwa wanakula wastani wa gramu 47 za protini ya soya kwa siku, LDL ikaonekana kushuka karibu asilimia 13, watu wakafurahi, na 1999 FDA, yaani mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ikaruhusu makampuni yaandike kwenye pakiti kwamba gramu 25 kwa siku, ndani ya mlo wenye mafuta machache ya yale yanayoganda, zinaweza kupunguza hatari ya ugonjwa wa moyo. Tafiti zilivyoongezeka ile 13 ikashuka ikawa kama asilimia 3 au 4, na mwaka 2017 FDA wenyewe wakapendekeza ruhusa ile ifutwe. Na hizo gramu 25 siyo mchezo, kijiko cha chakula cha unga wa soya kina protini kama gramu 3 tu, kwa hiyo kile kijiko kimoja cha kwenye uji hakifiki popote.

Faida kubwa ya soya ni pale inapokaa mahali pa nyama ya mafuta. Ukila soya asubuhi na jioni ukarudi kwenye utumbo na mishikaki ya mafuta kama kawaida, hujabadilisha kitu, umeongeza chakula tu. Kazi hiyo hata mbaazi na kunde zinaifanya, tena zina nyuzinyuzi nyingi ambazo nazo zinasaidia kushusha LDL, ila tui lake ndo liwe jepesi.

Kwa hiyo dada yangu wa Ngamiani, unga wako mzuri na mi mwenyewe nanunua, waambie wateja ni chakula kizuri cha kuweka badala ya nyama, hilo la kusafisha mishipa liache. Na wewe mzee wangu shikamoo, uji endelea nao, lakini vidonge virudie, na kama unaona vimekuchosha nenda ukapime damu kwanza uongee na daktari ndo uamue.