Je, wajua kwa nini bunduki ya fataki huweza kuwa na matundu ya gumegume yaliyozibwa?

Ukiitazama kwa makini bunduki ndefu ya kale iliyotengenezwa Pennsylvania, Marekani, huenda ukaona jambo la kushangaza: bunduki hulipuliwa kwa fataki, yaani kikofia kinacholipuka kikigongwa, lakini kwenye bamba la mtambo wa kuwashia baruti, ubavuni, kuna matundu ya skrubu yaliyozibwa na yasiyo na kazi yoyote. Matundu hayo yanaonyesha kwamba bunduki hiyo awali ilikuwa ya gumegume, yaani iliyowashwa kwa cheche za jiwe.

Chukua mfano wa Jacob Dickert, aliyezaliwa mwaka 1740 huko Mainz, katika Ujerumani ya leo, akavushwa bahari akiwa mtoto, kisha akawa fundi bunduki mashuhuri mjini Lancaster. Mafundi wa asili ya Kijerumani kama yeye waliichukua bunduki fupi ya uwindaji ya kwao, yenye mifereji ya mzunguko ndani ya mtutu, wakaurefusha mtutu na kupunguza upana wa tundu lake, ili mwindaji anayekaa msituni muda mrefu atumie risasi na baruti kidogo. Dickert alifariki mwaka 1822, mwaka uleule ambao Joshua Shaw, Mwingereza aliyehamia Philadelphia, alipata hataza ya fataki nchini Marekani. Kwa hiyo bunduki yenye jina la Dickert juu ya mtutu na mtambo wa fataki ubavuni, kwa kawaida ilibadilishwa baadaye.

Gumegume lilikuwa na udhaifu ambao kila mwindaji aliujua. Jiwe lilipiga chuma, cheche zikaangukia baruti laini iliyowekwa katika kisahani kilicho nje ya mtutu, na moto ukapenya tundu dogo hadi kwenye baruti ya ndani. Mvua ikinyesha au upepo ukivuma, bunduki huenda isilie kabisa. Fataki, yaani kikofia kidogo cha shaba chenye kemikali ya mlipuko iitwayo fulminati ya zebaki, ilipigwa na nyundo na kulipuka papo hapo, nayo haikuhofia sana unyevu.

Kwa nini basi mwenye bunduki asinunue mpya? Kwa sababu thamani ilikuwa katika mtutu, ambao fundi aliukunja kutoka kwenye upapi wa chuma, akauunga kwa moto na nyundo, akautoboa, kisha akauchonga mifereji kwa mkono. Kuubadilisha mtambo kulikuwa rahisi kwa kulinganisha: kisahani, chuma cha cheche na springi yake viliondolewa, nyundo ikachukua nafasi ya taya zilizoshika jiwe, na tundu la moto likapanuliwa ili kukaza humo kipande kifupi cha chuma chenye chuchu ya kuvishia fataki.

Siku hizi wapo warekebishaji wanaozirudishia bunduki hizo mitambo ya gumegume ili zipendeze wanunuzi. Mimi naona ni hasara, kwa kuwa marekebisho ya zamani yalifanywa na watu walioitegemea bunduki hiyo kwa chakula chao, nayo yakifutwa hayawezi kurudishwa.