Waajemi wa kale hawakutawala kwa ulevi

Husemwa kwamba wakuu wa Uajemi ya kale walikata mashauri wakiwa wamelewa. Kisa kinatoka kwa Herodotus, Mgiriki wa karne ya 5 KK, ila wasimuliaji humkatiza katikati. Aliandika kuwa shauri la kwenye divai lililetwa tena kesho yake na mwenye nyumba, pombe ikiwa imewatoka kichwani. Wakiliafiki, lilipita, wakilikataa, liliachwa. Na shauri la watu timamu nalo lilirudiwa kwenye divai! Tena Herodotus ni mgeni akisimulia habari za Waajemi. Vibao vya udongo vilivyofukuliwa Persepolis, mji wa kifalme wa Waajemi, mwaka 1933, vya enzi ya mfalme Dario wa Kwanza, ni vikavu zaidi: divai imepimwa kama posho, aliyepewa katajwa, mhuri umebonyezwa.