Saruji haigandi kwa kukauka

Ukipiga sakafu ya baraza Jumamosi, hakosi jirani wa kukuambia uiache jua liipige ikauke vizuri. Imani hiyo ni ya siku nyingi, na inaeleweka: udongo wa kukandikia nyumba kweli hukomaa kwa kukauka. Saruji haiko hivyo.

Saruji huungana na maji. Chembe zake zikilowa huota fuwele ndogo ndogo zinazoshikana na kufunga mchanga na kokoto pamoja. Ndiyo maana zege hushika hata likimwagwa chini ya maji, kama kwenye misingi ya madaraja na gati. Maji yakikimbia mapema, kazi hiyo hukwama katikati. Sakafu ya namna hiyo utaitambua: ina nyufa nyembamba kama nywele, na kila ukifagia hutoka vumbi la kijivu. Watu humsingizia fundi kwamba kaiba saruji. Wapo wanaoiba, lakini mara nyingi sakafu ilinyimwa maji tu.

Kwa hiyo ikishashika kiasi cha kutobonyea kwa kidole, kwa kawaida kesho yake asubuhi, ifunike kwa magunia mabichi au nailoni, uimwagilie asubuhi na jioni kwa siku 7 angalau. Wahandisi huliacha zege hadi siku 28 ndipo hupima nguvu yake.

Ila usichanganye mambo: maji ya kukorogea ni mengine. Fundi akiongeza ndoo ili koleo liende kirahisi, zege linadhoofika, na kumwagilia baadaye hakulirudishi.