Kusaka kikopo miambani na mbwa: yasemwayo na yalivyo

Mchezo wa jiokashi ni mwepesi kuueleza. Mtu huficha kikopo, akaandika intanetini namba za mahali alipokificha, nawe ukaenda kukitafuta kwa simu. Hapa Malindi sisi huenda na watoto na mbwa wetu Simba, kwenye miamba ya upande wa Mnara wa Vasco da Gama. Maneno ya watu hayaishi.

“Bila bando huendi popote.” Simu hupokea mawimbi ya setilaiti (GPS) bure. Kinachokula bando ni ramani, basi ipakue ungali nyumbani.

“Ndani mna hazina.” Wanangu nusura walie mara ya kwanza: gololi mbili, kifungo cha shati na kidaftari kilichopata unyevu. Unaandika jina lako, na ukichukua kitu unaacha chenye thamani hiyo au zaidi. Ndivyo mchezo ulivyoanza Oregon, Marekani, Mei 2000, siku chache tu baada ya serikali yao kuacha kuyavuruga makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia.

“Fuata simu, itakufikisha.” Hili ndilo linaloniudhi. Simu inajua mahali, haijui maji. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari yetu hukupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, na hapo miamba yote iko wazi kama uwanja. Kufikia saa kumi maji yamepanda zaidi ya mita 3. Tena hayapandi kwa mwendo mmoja: huanza polepole, kisha saa ya tatu na ya nne tangu yaanze kujaa hupanda nusu nzima ya kimo chake. Yaani kati ya saa sita na saa nane mchana, wakati watu wamekaa wanakula mahamri.

Sisi tulikuwa tunakula mahamri. Mdogo akasema, “Baba, njia iko wapi?” Kijia cha mchanga tulichojia kilikuwa kimeshageuka mkondo, maji ya magoti. Nikamweka begani, mamake akamshika mkubwa, tukavuka.

“Maji yakija, si mtapanda juu?” Jaribu. Jabali hili ni matumbawe ya kale, ya zaidi ya miaka 100,000, na mawimbi yameila sehemu ya chini hadi juu pametokeza kama upenu wa makuti. Ukiwa chini huna pa kushika, na ukipapata panakata kama wembe.

“Mbwa hunusa hatari mapema.” Siku ile Simba alikuwa anafukuza kaa.

“Mbwa akikugusa tu, umenajisika.” Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi pwani hii, shida ni mate na umajimaji; mbwa mkavu akigusa nguo kavu hakuna kitu. Lakini Simba akitoka baharini hujikung'uta ovyo, kwa hiyo tukikutana na mtu wa kanzu namvuta kamba na kumpisha mapema. Ni adabu tu.

“Kiu ikimshika atakunywa bahari.” Chumvi humzidishia kiu na kumtapisha. Naye hatoki jasho mwilini kama sisi, hupoa kwa kuhema. Lita moja na nusu ya maji ni yake peke yake, na bakuli lake hubebwa na kitinda mimba.